Nambari Iliyo Juu ya Kijitabu

Jumanne. Mvua imenyesha Eldoret tangu alfajiri na haijakata. Nimefua sketi mara mbili, na maji bado yanatoka mekundu.

Nitaandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Sijui njia nyingine ya kuandika.

Jana, kutafuta habari ya gazeti, nilikwenda mtaa wa Munyaka na Rispa, mhudumu wa afya anayetembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wadogo. Hupima presha, huangalia kama watoto wamechanjwa, huwakumbusha kina mama siku ya kliniki. Majirani humwita daktari. "Daktari gani ana viatu kama hivi?" huwauliza, akiwaonyesha matope.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Sella, mwenye mimba ya miezi minane na mtoto wa miaka miwili. Mumewe, Bonface, alimkataza kliniki tangu siku nesi alipouliza kuhusu alama za shingoni. Kwa hivyo Rispa huja kwa siri. Bonface akienda kazini kusaga unga kwenye kinu cha posho, Mama Faith, jirani wa mlango wa tatu, humflash Rispa: simu hulia mara moja, anaikata. Kwenye nyumba nyingine Rispa huandika kwa chaki mlangoni kwamba amefika. Hapa haandiki kitu.

Sella alitwambia kwamba Alhamisi angetoroka, aende kujifungulia kwa mamake huko Kapseret. Mkoba ulikuwa tayari, umefichwa kwa Mama Faith.

"Hii nyumba hatupigi simu," Rispa aliniambia tukitoka. "Nambari iliyo juu ya kijitabu cha kliniki ni ya mzee wake, huyo Bonface."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Yako pale, kwa mwandiko wangu.

Leo saa tatu asubuhi mhariri aliuliza umri wa Sella. Sikuwa nao. Sijawahi kupeleka habari bila umri wa mtu. Nilifungua picha niliyokuwa nimepiga ya jalada la kijitabu, nikaipiga nambari iliyo juu yake.

Alipokea mwanamume. Nilijitambulisha, nikasema nathibitisha tu umri wa Sella, tuliyezungumza naye jana.

"Ishirini na tatu," alisema kwa adabu. "Na jana mlikuwa wangapi, madam?"

Nilikata simu. Nilikuwa nimeshaandika 23.

Nilimpigia Rispa, nikamwambia akimbie kwa Sella. Aliuliza kuna nini. Nilimwambia, "Wewe nenda tu." Kisha nikaingia kwenye gari.

Kinu cha posho kiko karibu na nyumba kuliko ofisi yangu. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ndani palisikika kishindo kimoja kikirudiwa bila haraka, kama mtu anayetwanga. Sauti ya Sella haikusikika. Mama Faith alikuwa akigonga bati kwa sufuria na kuwaita wanaume wa vyumba vingine vya ploti. Fundi viatu alikuja na mtaimbo, na watu watano wakaung'oa mlango.

Bonface alikuwa ameshika mguu wa stuli. Sella alikuwa sakafuni, amempa mgongo, mikono yote miwili imezunguka tumbo. Kichwa alikuwa amekiacha wazi. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili na hakuwa ameuondoa. Damu ilitoka kichwani na kati ya miguu. Yule mtoto wa miaka miwili alikuwa amesimama kitandani.

Walimburuta Bonface hadi uani. Tofali la kwanza lilimvunja meno. La pili lilimpata sikioni akaanguka kwenye matope, wakaanza kumkanyaga. Mtu mmoja alisema, "Tafuta tairi," kwa sauti ya anayeagiza chai.

Nilitaka waendelee.

Rispa alifika akihema. Aliingia ndani, akamfunga Sella leso mbili, kisha akatokea mlangoni na damu hadi viwiko.

"Nyinyi hapo mko na mikono kumi, mimi niko na miwili," aliwaambia. "Mkimaliza kuua huyo, nani atanibebea huyu?"

Fundi viatu ndiye aliyeangusha tofali kwanza. Walimbeba Sella kwa blanketi hadi kwenye gari langu. Bonface alibaki kwenye matope akipumua. Nasikia polisi wamemchukua.

Njiani Rispa aliweka kiganja tumboni mwa Sella. "Amecheza," alisema. "Amecheza tena." Kisha akakihamisha kiganja, akakihamisha tena, nami nikaongeza mwendo.

Walimpasua mara tulipofika hospitali. Mtoto ni wa kike. Hakulia. Walimbonyeza kifua kwa vidole viwili hadi akavuta pumzi. Yuko kwenye chumba cha watoto njiti, na daktari hajaahidi kitu.

Kwenye korido nilimweleza Rispa kuhusu simu.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Basi utamwambia mwenyewe. Huo mzigo sikubebei."

Jioni walituruhusu dakika chache. Uso wa Sella umevimba, jicho moja limefunga. Hakuuliza habari za Bonface. Alimuulizia mtoto, akajibiwa. Kisha akasema, "Ni Mama Faith aliniuza. Hakuna mwingine alijua. Mwambieni asikanyage hapa."

Rispa alinigeukia. Nilikuwa na nafasi, labda ya sekunde tano, kabla ya nesi kuja na sindano na kututoa nje. Niliitumia kutazama dripu.

Nimeripoti vita vya ardhi, ajali, na miili iliyotolewa mtoni. Kote huko niliandika umri wa kila mtu.

Mama Faith amepiga simu sasa hivi. Yule mtoto mkubwa wa Sella amekula na amelala kwake. Ameuliza Sella hupenda uji wa wimbi ama wa mahindi, kwa sababu kesho atamletea saa sita na nusu.

Wodi inafunguliwa saa sita. Nitakuwa wa kwanza mlangoni. Nitamwambia Sella ni mimi niliyepiga simu, saa ngapi, na kwamba nilikuwa nimeonywa. Nina nusu saa.