Saa Moja ya Keshero

Mabanga, Goma
Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Tantine Kahindo mpendwa,

Nakusalimia kwa upendo mwingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kampala, wewe na Papa Modeste. Je, magoti bado yanakusumbua wakati wa mvua? Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mama amepona malaria, na jana aliimba tena kanisani kwa sauti yake ile inayofunika kwaya nzima.

Barua hii nimempa Benny mkononi, kwa kuwa anapeleka mizigo huko kupitia mpaka wa Bunagana. Sikuthubutu kukuandikia kwa simu. Ujumbe wangu wote wa simu unaonekana kwenye kompyuta ya ofisi.

Ni juu ya ile nyumba ya Keshero unayotaka kununua. Usitie sahihi, Tantine.

Unakumbuka ulivyoniagiza: kabla ya kutazama rangi na bati, mkaguzi apime mazuku kwenye chumba cha chini, maana uliona mwenyewe hewa ile isiyo na harufu ilivyoua mbuzi watatu wa babu wakiwa wamelala bondeni. Nilifurahi sana Papa Paulin, patron wangu katika ofisi hii ya kuuza nyumba, alipomleta Muzee Adalbert awe mkaguzi. Ndiye aliyenifundisha ujenzi shuleni. Ndiye aliyetuambia kwamba mazuku hupimwa alfajiri, mlango ukiwa umefungwa usiku kucha, kabla upepo wa ziwa haujayatawanya, na kwamba yalipo, mshumaa huzimika. Nilikuandikia kwamba uko mikononi mwa mtu wa kuaminika. Nisamehe kwa maneno hayo.

Alikuja saa saba mchana. Kwanza yeye na Papa Paulin walifungua mlango na madirisha yote, na upepo ukapita humo kama sokoni. Kisha akateremsha mshumaa kwa kamba hadi sakafuni. Ulipepea, haukuzimika. Nikaandika saa kwenye daftari langu, kama nilivyozoea.

Ripoti yake ilikuwa ya Kifaransa, na humo aliandika tu kwamba alipima "à une heure", saa moja ya Kizungu, ambayo kwetu mchana ni saa saba. Kwa kuwa wewe husomi Kifaransa, nilipewa kazi ya kuitafsiri. Niliandika saa saba mchana. Papa Paulin akapachora mstari kwa kalamu yake, bic nyekundu.

"Une ni ngapi?" akaniuliza.

"Moja, Papa."

"Basi andika moja. Karani gani wewe, unaongeza sita ambazo hakuna mutu amekupa?"

Wenzangu walicheka, na tangu siku hiyo wananiita Mama Saa. Nikaandika saa moja, nikapiga muhuri, nikakutumia. Nilijua utakavyoisoma. Kwetu saa moja ni jua limetoka sasa hivi. Hata Papa Paulin alijua, Tantine, na bado nilijiambia labda amesahau, kwa sababu ni parrain wangu, baba yangu wa ubatizo, mkono wake ulikuwa begani mwangu siku ile.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Nilichukua ufunguo wa ofisi, nikafika Keshero jua likichomoza, ziwa limetulia kabisa. Niliwasha mshumaa pale mlangoni pa chumba cha chini, nikaushusha polepole. Ulipofika usawa wa goti langu, ukazimika kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Nikawasha tena. Ukazimika pale pale. Nilikimbia nikauangusha ndani, na sasa naogopa wataukuta.

Jana baada ya misa nilimfuata Muzee Adalbert nikamweleza yote. Hakukasirika. Angekasirika ningefarijika.

"Mutoto wangu," akasema, "mushumaa haukuzimika. Niliandika nilichoona."

Nilipomwuliza kwa nini hakuja asubuhi, kama alivyotufundisha, alijibu kwamba patron ndiye aliyempangia saa. Halafu akaniuliza kama Mama amepona. Nikamjibu kwa adabu kwamba amepona.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Mama Lucie, yule mjane anayeuza makala ya kupikia hapa jirani, ameahidiwa kupanga kile chumba cha chini mara tu utakaponunua. Ana mapacha wa miaka minne. Wanalala kwenye godoro chini, Tantine, na wakilala vichwa vyao havifiki hata usawa wa goti langu. Leo jioni nitakwenda kumwambia mwenyewe. Nilitaka kukuandikia wewe kwanza.

Papa Paulin ataelewa mara moja ni nani aliyesema. Nitatoka ofisini, na baba atasema nimemwaibisha parrain wangu mbele ya parokia. Naogopa, sitakuficha. Lakini ukilazimika kutaja jina, taja langu. Nimekuwekea humu ukurasa wa daftari wa siku ile, wenye saa kwa mwandiko wangu, ambao bic nyekundu haikuugusa.

Nisalimie Papa Modeste na Deborah. Mwambie Deborah kitenge chake kimeshonwa, atakipenda. Bibi Élisabeth anakutumia baraka zake zote, na anauliza utakuja lini kula samaki wa ziwa letu.

Mungu akulindie nyumba uliyo nayo, na akunyime ile isiyokufaa.

Mtoto wako akupendaye, ambaye hatakuandikia tena saa ya mtu mwingine,

Rosine