Jina la Kambini

Jumatatu, 2 Machi 1992
Orodha ya pili ya wanaorudi Afrika Kusini imebandikwa kambini kwa wapigania uhuru wao. Mume wangu Vuyani karudi nyumbani Kilosa jioni, kakaa tu, chai imepoa. Nimemuuliza mara tatu: tumo? Eti yeye yumo. Mimi na mtoto wetu Happiness hatumo. Kwa nini? Kaenda kulala. Nimeshona sketi ya watu, upande mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nimefumua.

Jumanne, 3 Machi
Kasema. Vuyani si jina lake! Alipewa kambini kama wenzake, ili makaburu wasiwasumbue wazazi wake. Kwao ni Lungile Mabaso. Na bomani tulifunga ndoa kwa jina la kambi. Kwa hiyo cheti changu ni cha mke wa Vuyani Dube, na Umoja wa Mataifa unamrudisha kwao Lungile Mabaso — kapera! Miaka sita. Nina hasira. Anasema walikatazwa kusema, hata kwa mke. Mama kaniuliza kama huko kwao hana mwingine. Swali hilo sijamuuliza Vuyani.

Alhamisi, 5 Machi
Morogoro. Foleni tangu saa moja. Dada wa ofisi ya wakimbizi ni mpole, lakini: twende kwa hakimu, mume aape kuwa majina yote mawili ni yake, na shahidi aape kuwa aliyajua yote tangu kabla ya ndoa. Karatasi ifike kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ndege ni Jumamosi.
Shahidi gani? Waliomjua wote wameondoka na ndege ya kwanza. Nimebaki mimi. Na mimi sikujua.

Jumatatu, 9 Machi
Mahakamani, Kilosa. Naandika benchini. Hakimu kaenda kunywa chai.
Niape uongo na Biblia mkononi, au Happiness abaki bila baba.
Asubuhi Vuyani kaniambia, "Letisia, sema tu ulilijua. Ni neno moja."
"Ungeniambia wewe, miaka sita iliyopita," nikamjibu.
Sijawahi kulitamka jina lake la kwao. Sasa hivi kasimama mlangoni, kanipa mgongo. Nimejaribu, taratibu: Lungile.
Kageuka upesi, uso umemchangamka kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya ndoa.
Halafu akaona ni mimi, uso ukamfifia.
Karani anatuita —