Nilivyomwachia Wifi

Songea

Dada Yasinta,

Shikamoo. Nguo za mtoto ulizotuma kwa basi la Tunduru zimefika, mama amezikunja sandukuni. Mahindi tumemaliza kupukuchua.

Unauliza nilishindwaje kwenye yale mashindano ya kimataifa ya judo, Dar. Wanaume wetu walitolewa mapema. Upande wa wanawake nilipangwa na Ekaristia, mke wa kaka Beda. Nilimlaza chali nikambana, zikabaki sekunde tano tu nitangazwe mshindi. Akaninong'oneza, "Wifi, nina mimba." Miaka minane ya ndoa bila mtoto, dada! Nikamwachia. Akainuka, akanibwaga, akarudi na medali.

Mtaani wananiita mzembe. Nyumbani nilieleza sababu, mama akapiga vigelegele.

Jumamosi nilimkuta wifi nyuma ya nyumba akifua vitambaa vyake vya mwezi. Tulitazamana. Nikamsaidia kukamua.

Mama bado anahesabu miezi. Njoo umwambie wewe, dada, wewe ndiye mkubwa. Mimi nimeshamwachia wifi mara mbili, mikono imechoka.

Mdogo wako,
Lidwina