Pale Darajani Sikumwambia

S.L.P. 412,
Kitale.
9 Machi 2024.

Mpendwa Senge Nabwile,

Mulembe. Habari za huko kisiwani? Na mguu je, umepata nafuu? Sisi tuko, ila si sawa. Asante kwa kukaa na Kevin wetu miaka hiyo sita, tangu nilipomleta kwako. Hata Mama anasema wewe ndiye uliyemlea akawa mwanamume.

Tulimzika Jumamosi iliyopita nyumbani Misikhu. Watu walijaa hadi mahindi yakakanyagwa. Kila mtu aliuliza mbona wewe, senge yake, shangazi wa damu, hukuwepo, tukaeleza habari ya mguu.

Sasa Senge, kuna jambo sijamwambia mtu. Baba alinikalisha mbele kwenye gari la maiti kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa. Aliniagiza kila tukivuka maji, nimwambie Kevin, 'Tunavuka, twende nyumbani,' roho yake isije ikabaki nyuma. Lakini hapo kwenu, maji ya kwanza kabisa, nilinyamaza. Pasta Kipkorir alikuwa kando yangu, nikaona haya, ati mwalimu mzima anaongea na sanduku. Zamani za boti tungengoja, ningejipa moyo. Hilo daraja ni fupi, bana! Nikifungua mdomo, tumeshafika bara. Mto Yala nilisema, Nzoia nilisema, lakini nilikuwa nasema na nani?

Tulipofika, Mama aliuliza kama tulimwambia pale ziwani. Nikasema ndiyo. Akashukuru Mungu, akakubali kula, siku nne hakuwa ameonja kitu. Nikimwambia ukweli leo, nitamuua. Nikinyamaza, mimi ndiye ninayekwisha. Nimekosa, Senge.

Nakuomba, mguu ukikubali, nenda darajani. Wewe ni shangazi, sauti yako ataijua. Mwite Mukhisa, jina la babu, hilo ndilo alilokuwa anaitikia upesi. Mwambie dada yake alishikwa na aibu, hakumkataa. Mvushe polepole mpaka bara, umwonyeshe njia ya kwetu, halafu urudi peke yako. Najua ninachokuomba. Mimi sikuweza hata nikiwa nimeketi.

Wadogo zangu Derrick na Dinah wanakusalimu sana, nao wanakuombea. Mungu aushike mguu wako na aiangalie nyumba yako.

Ni mimi mwanao ninayekupenda, niliyemwacha ndugu yangu kwako mara ya pili,

Edah