Kliniki Ilisubiri Omena

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku kisiwani Mfangano tuko sawa. Mama yako aliniletea miwani mpya kutoka Homa Bay jana, kwa hivyo ukiona makosa hapa ni yangu, si ya macho.

Unauliza kwa nini wenyeji wa asili wa kisiwa hicho cha Australia hawaji kwa kliniki yako asubuhi. Nimemkumbuka nesi wa kwanza kuletwa hapa na boti, wakati mama yako alikuwa bado mgongoni mwangu. Alikaa ufuoni na sanduku la chanjo, barafu ikiyeyuka, nasi tukimpita na makarai yetu. Unajua omena, dagaa wetu wa ziwani, isipoanikwa mapema inaoza.

Nilidhani atatugombeza. Akavua viatu, akainama karibu yangu.

"Mama, hizi zinageuzwa namna gani?"

Nilimwonyesha. Tulipomaliza kugeuza, tulinawa mikono tukampelekea watoto wote. Mama yako ndiye aliyelia kuliko wote.

Tangu siku hiyo boti yake ilikuwa inafika saa nane mchana.

Sasa nijibu, Akinyi: watu wa huko wanaanika nini asubuhi?

Nyanya yako anayekupenda