Bega la Mwanao

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, zamu za wodini zimepungua na miguu imeacha kuvimba. Sisi huku tunapumua. Mwanao anakula vizuri na ananichokoza kama kawaida, ila mkono bado umefungwa kitambaa shingoni, na daktari kasema asiguse raketi kwa miezi minne.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningezungukazunguka. Nina hasira, dada, na zaidi ya nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Iliyobaki wagawane wachambuzi wa tenisi. Kazi yangu unaijua: macho yako kwenye sindano mchana kutwa, masikio hayana shughuli. Basi tangu mwanao aje kuishi kwangu kwa ajili ya klabu, simu naiweka juu ya meza ya cherehani, podikasti, vile vipindi vyao vya mtandaoni, zinanguruma toka ninapofungua duka. Mashindano yote makubwa nayajua, lakini mechi nzima sijawahi kuitazama hata moja. Mke wangu huniita Profesa, na si kwa kunisifu.

Watu wale ni vigeugeu. Jumatatu mchezaji hana mfano. Akifungwa Alhamisi, wanadai walishaona zamani kwamba miguu yake mizito. Mmoja wao, mchezaji mstaafu mwenye sauti ya kukoroma, alimaliza wiki tatu akisifu bingwa fulani anavyoanzisha mpira: aurushe nyuma ya kichwa, mgongo aupinde, bega livute. Mwezi uliopita huyohuyo, bila haya, akasema mpigo ule unaua bega na kwamba yeye alionya. Alionya lini? Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.

Sasa la kocha. Najua uliwaandikia viongozi wa klabu aondolewe kwa kumharibu mtoto, na kikao ni Jumamosi. Jana kocha alikuja dukani na koti lake la pekee, bitana ya ndani imechanika, akaomba nilishone alivae kikaoni. Akakaa. Podikasti ilikuwa inaendelea, na wachambuzi wakaanza tena kubishania mpigo uleule. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nawafuatilia hawa tangu lini. Nikamwambia tangu mtoto aje. Akasema koti nilimalize taratibu, atalipitia Ijumaa. Hakuuliza lingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Dada, ni mimi. Kocha alimfundisha mwanao mpigo wa kawaida na akamkataza kupinda mgongo vile. Mimi nilimwambia kocha ana mambo ya kizamani, nikawa namfanyisha mazoezi uani kila jioni, mipira mia, nikimkaririsha niliyoyasikia. Alipolalamika bega linauma, nikamjibu kuwa mabingwa huvumilia. Ulipouliza nani kamfundisha, yeye alinyamaza ili kuniokoa, nami nikanyamaza ili niokoke. Mtoto wa miaka kumi na minne kanibeba mimi na mvi zangu zote, na nimemwacha anibebe wiki tano.

Usimgombeze yeye. Nigombeze mimi, na ukitaka kumhamisha kwangu sitakuwa na neno. Barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi, kwa hiyo viongozi wa klabu nimewaandikia haya haya, nikawapelekea kwa mkono wangu leo asubuhi. Najijua, dada. Ningesubiri jibu lako, ningekuomba unifichie, na wewe kwa kunipenda ungenifichia.

Mke wangu anakusalimu sana, anasema ujitunze mgongo. Salamu za mwanao ni ile mistari iliyopinda hapo chini. Ameiandika kwa mkono wa kushoto na hakutaka nimsaidie.

Ni mimi mdogo wako mkosaji,
Fundi

Mama, amesema kweli. Usiache kumwandikia.