Ufuta Mweusi wa Baba

Paithan, mwisho wa mvua

Kaka yangu mpendwa Damodar,

Pokea salamu zetu tele, mimi na Mama. Tunatumaini joto la Kuwait halikuchoshi sana, na kwamba huyo msimamizi wako amepunguza makelele. Sisi hatujambo, ila goti la Mama ndilo hilo hilo.

Ufuta mwaka huu umekubali. Tuliukata mapema kabla maganda hayajapasuka, tukausimamisha mafungu mafungu uani ukauke. Mama ameshakutengea ule mweupe wa kashata za sikukuu ya Sankranti, eti uje ule, wewe na Baba mmalize ugomvi wenu na mseme maneno matamu. Nilipomwambia mkataba wako haujaisha, alinijibu nimwache na ufuta wake.

Sasa habari za Baba. Akili yake inamtoroka, kaka. Mwanzoni tulicheka, maana aliniita jina la shangazi na kunigombeza kwa makosa ya shangazi. Lakini jirani yetu Yamuna alipofiwa na mwanawe huko huko Ghuba, Baba alirudi kutoka matangani analia jina lako, akiamini aliyekufa ni wewe. Tangu siku hiyo, kila mwezi unapopotea angani, anashuka mtoni Godavari na ufuta mweusi wa marehemu, anautia maji kiganjani na kukumwagia kama wanavyomwagiwa wafu. Wewe, ambaye siku moja ndiye ungemmwagia yeye!

Tumejaribu yote. Tulimwonyesha picha yako ukicheka. Akatushukuru, akaivisha shada la maua na kuitundika karibu na ya marehemu babu. Kuhani Keshavbhat alimkatalia waziwazi, akamwambia, "Mzee, mwanao mzima, anajilia wali wake Kuwait!" Baba akamjia juu kwamba yeye ni kuhani gani anayemnyima marehemu ufuta, wakati ufuta ulitoka kwenye jasho la mungu Vishnu mwenyewe na hufika hata pasipofika barua. Keshavbhat aliondoka kichwa chini.

Damodar, kuna jambo nimelifanya na linanikereketa. Jana mwezi ulipotea tena, nikalificha kopo la ufuta mweusi. Baba alipekua mpaka kwenye unga. Akakataa chakula, akalia akisema, "Mwanangu amesimama mtoni ana kiu, na nyinyi mmekaa!" Nikashindwa. Nikalitoa kopo, nikamshika mkono hadi kwenye ngazi za mto. Ufuta ukawa unamwagika ovyo, basi nikaweka viganja vyangu chini ya vyake, tukamwaga pamoja. Akaniambia nikuite kwa nguvu, maana uko mbali. Nikakuita, kaka. Nilikuita kama wanavyoitwa wafu. Aliporudi nyumbani alikula mikate miwili, akalala vizuri kuliko siku zote.

Nisamehe. Sijui hata nikuombe uje au usije. Naogopa utafika mlangoni, naye atakukaribisha kwa heshima zote, akupe maji, halafu akuulize kama ulimfahamu mwanawe.

Mama anakubusu kwenye paji la uso. Wasalimie wenzako wa chumbani, nawe ujitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Shevanta